Walao Chungu Kimoja

Kibaoni, Ifakara
11 Januari 1993

Dada Theodosia,

Shikamoo. Hapa nyumbani tunaendelea, ila Mama bado anasumbuliwa na kifua, na vumbi la nyasi za Baba halimsaidii. Tangu mvua zianze Baba ameezeka nyumba moja tu. Anasema siku hizi mtu wa Kibaoni akipata gunia la ziada anakimbilia bati, na kwamba ufundi wake utazikwa kabla yake. Nawasalimu wanao Beatus na Verediana, na Anselim mdogo ambaye sijamwona. Mpe salamu shemeji Marselino.

Dada, nimepata kazi. Matokeo ya kidato cha nne bado, lakini serikali inapita vijijini kuuliza hali za watu, ikatafuta vijana wanaojua kuandika vizuri. Msimamizi wetu ni Bwana Wiliam, ametoka Morogoro. Siku ya kwanza nilipojaribu kusoma maswali mbele ya wenzangu, alisema, "Edna, ongea kama mtu anayeita kuku, siyo kama kuku anayeitwa." Wote walicheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya darasa kulia.

Nimejifunza kwamba umaskini unapimwa. Sikujua. Kwanza unatafuta kaya, yaani watu wanaolala mlango mmoja na kula chungu kimoja. Kisha unamuuliza mkuu wa kaya: paa la nini, sakafu ya nini, redio ipo, baiskeli ipo, mnakula milo mingapi, nyama mara ngapi. Chakula chote cha nyumba kinajumlishwa, kinageuzwa kuwa shilingi, kinagawanywa sawasawa kwa vichwa vilivyomo. Bwana Wiliam alichora mstari ubaoni kwa chaki. Aliye juu ya mstari si maskini. Aliye chini ni maskini. Mwenzangu mmoja akauliza, "Na aliye juu ya mstari lakini analia?" Bwana Wiliam akasema kilio hakina kipimo.

Tumeambiwa tujizoeze kwa ndugu. Hapa nyumbani nimeshauliza. Baba alijibu vizuri mpaka nilipofika kwenye paa, akasema, "Unaliona au hulioni?" Tuko chini ya mstari. Sijamwambia. Nakuomba na wewe unijibu maswali niliyoyaandika nyuma ya karatasi hii.

Sijasahau ulipokuja ukiwa na mimba ya Anselim, na kesho yake Baba akakurudisha kwenye pantoni, uvuke mto urudi kwa mumeo. Hukuniambia kitu, na mimi niliona haya kuuliza.

Mdogo wako,
Edna


Shambani, upande wa Malinyi
3 Februari 1993

Mdogo wangu Edna,

Marahaba. Barua yako imenifikia kwa mkono wa Bi Kudra, yule mwenye lori la mpunga. Hongera kwa kazi. Ulikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakija, leo wewe ndiye mgeni.

Tuko shambani tangu Desemba kama kila mwaka. Mimi na watoto tunalala kwenye dungu, maana maji yameanza kupanda bondeni na chini hapakaliki. Shemeji yako yuko kijijini anaangalia nyumba. Beatus na Verediana wanakuamkia. Anselim ameota jino la pili, ananing'ata akinyonya, halafu anacheka.

Majibu yako haya. Paa ni bati. Sakafu ni saruji. Redio ipo. Baiskeli ipo. Jembe la kukokotwa lipo, na ng'ombe wake. Ghala lipo. Mkuu wa kaya ni Marselino. Swali la milo nimeliruka, kalamu iligoma pale.

Mwambie Mama achemshe majani ya mkaratusi ajifukize. Habari ya pantoni usiniulize tena. Mtu akirudishwa, amerudi.

Dada yako,
Theodosia


Kibaoni, Ifakara
24 Februari 1993

Dada Theodosia,

Shikamoo. Mama amejifukiza na usiku analala. Amefurahi sana kusikia habari ya jino.

Nimefanya hesabu ya kaya yako. Kwa milo niliweka mitatu, kwa sababu ghala lipo. Dada, mko juu ya mstari, tena mbali. Baba aliniomba nimsomee barua yako kwa sauti, unajua yeye hakusoma. Nilipofika kwenye saruji akaniambia nirudie. Jioni alimwita jirani yetu Nikodemu na kumwambia, "Serikali yenyewe imempima mwanangu. Yule si maskini." Kisha akamgeukia Mama: "Umeona? Yule mtoto alipokuja hapa alikuwa analia shibe." Mimi nilifurahi kwa kuwa Baba amefurahi, lakini baadaye nilijisikia vibaya na sijui kwa nini.

Nataka kukueleza jambo la kazini, maana hapa siwezi kumweleza mtu. Tulikwenda kijiji kimoja ng'ambo ya reli. Gari letu lilipotokea, wanaume wote walikimbilia kwenye mpunga. Walidhani ni kodi ya maendeleo, kwa sababu gari la rangi hiyohiyo lilikuja mwezi uliopita na mgambo. Mwenyekiti akaona aibu mbele ya wageni, akawatuma mgambo haohao wakawatoe. Wakamleta mzee Kasmiri wakimburuta kwa miguu, kichwa kinagonga matuta. Alikuwa amejilaza ndani ya maji, ameacha pua tu. Mgambo mmoja alimpiga rungu la mdomo akamwambia, "Mtaalamu anakuuliza. Jibu." Mtaalamu nilikuwa mimi.

Alikalishwa kwenye kigoda mbele yangu. Niliuliza kama tulivyofundishwa, sauti ya kuita kuku. "Babu, wiki iliyopita katika kaya yako mlikula nyama mara ngapi?"

Akatema jino kwenye kiganja, akaligeuzageuza. Akasema, "Andika leo. Leo nimekula yangu mwenyewe."

Mgambo wakacheka. Bwana Wiliam akaniambia niandike sifuri, niendelee na swali la redio. Niliandika. Nikaendelea. Damu yake ilidondoka kwenye vidole vya miguu yangu na sikuthubutu kuifuta mbele yake.

Dada, swali la milo unijibu, nirekebishe.

Mdogo wako,
Edna


Shambani
30 Machi 1993

Edna,

Marahaba. Samahani kwa mwandiko. Natumia mkono wa kushoto, wa kulia niliuangukia kwenye tope.

Maji ni mengi, hakuna lori. Sijui barua hii itafika lini. Beatus na Verediana wanawasalimu wote.

Pole kwa ya mzee Kasmiri. Ulifanya vizuri kuniandikia.

Katika maswali yenu, lipo linalouliza baiskeli anaipanda nani?

Theodosia


Kibaoni, Ifakara
19 Mei 1993

Dada Theodosia,

Shikamoo. Barua yako ya Machi imefika juzi, imelowa na kukauka. Pantoni ilisimama karibu masika yote. Hapa nyumba ilivuja upande wa jikoni na kuku wawili wamekufa maji. Mama anakohoa tena.

Dada, katika salamu umemsahau Anselim.

Nimeandika mstari huo nikauacha hivyo, kwa sababu sijui niendeleeje.

Bi Kudra ndiye aliyeileta. Mama alimkaribisha uji. Akanywa, akaweka kikombe chini, akasema, "Mama Theodosia, mimi mfanyabiashara, si mchongezi. Lakini mwanao nimemwona kando ya njia, mkono kaufunga kwa kanga, umening'inia kama tawi lililokatwa likabakia kwenye gome. Na mgongoni hana mtoto."

Baba alikuwa anafunga mafungu ya nyasi. Akasema bila kuinua kichwa, "Bi Kudra, umekuja kuuza mchele au maneno?"

"Mchele nauza kwa kilo, baba. Maneno nakupa bure, uyapime mwenyewe."

Alipoondoka, Mama akamwambia Baba akakuchukue. Sijawahi kusikia Mama akipandisha sauti. Baba akasema mwanamke kuanguka kwenye tope si ajabu huko bondeni. "Nimtoe mtoto kwenye bati nimlaze kwenye nyasi inayovuja? Watu wataniona nina akili? Nyumba ile haina njaa. Edna mwenyewe kaipima."

Kweli niliipima, Dada. Nilisimama pale mlangoni nikanyamaza kama kawaida yangu.

Swali lako la baiskeli nilimpelekea Bwana Wiliam. Hakuna. Dodoso linauliza kama ipo tu. Nikamuuliza: na chakula tunachokigawa sawasawa kwenye karatasi, kule ndani kinagawanywa hivyo? Akasema, "Binti, tunapima kaya. Hatupimi ndoa." Si mtu mbaya. Ana safari ndefu na magari yanakwama.

Tafadhali niambie. Sitaona haya tena kuuliza. Anselim yuko wapi?

Edna


Shambani
14 Juni 1993

Mdogo wangu Edna,

Marahaba. Maji yamepungua, mpunga umeiva, tumeanza kuvuna. Mkono umeunga lakini umeunga vibaya. Kalamu naishika kwa vidole viwili.

Unasema nimemsahau Anselim. Nimemzika.

Nitayajibu tena maswali yako. Paa ni bati, hilo ni kweli. Mvua ikipiga bati, jirani hasikii kitu. Marselino husubiri mvua. Kiangazi ana redio. Akiifungulia mpaka mwisho, Beatus anaelewa, anamshika Verediana mkono wanakwenda kukaa kisimani. Safari moja wapita njia walisimama nje wakafurahia muziki, na mimi niko chini kwenye ile saruji aliyoipenda Baba. Saruji inaosheka upesi.

Chungu si kimoja. Ufunguo wa ghala anauvaa shingoni pamoja na msalaba. Desemba tukienda shambani anatupimia mchele, na unakwisha kabla ya palizi. Baada ya hapo ni majani, na kambale Beatus akijaliwa. Kule kijijini anakula kwa mwanamke mwingine aliyemweka nyumbani kwangu. Ninyi kwenye karatasi mnachukua chungu chake na changu, mnavichanganya, mnagawa sawasawa, na mimi nashiba. Swali la milo sikulijibu kwa sababu Verediana alikuwa anatazama kalamu akadhani naandika jina la chakula.

Baiskeli ipo. Mwezi wa tatu Anselim alishikwa na homa, akakakamaa. Nilimfunga mgongoni nikapita kwenye maji ya kiunoni mpaka kijijini. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, imepakwa mafuta. Nilimpigia Marselino magoti. Alisema tope litaharibu mnyororo. Nikaishika mwenyewe, nikaanza kuisukuma. Akachukua pampu akanipiga nayo mkononi mpaka nikasikia mfupa. Nikaanguka, nikajitahidi nianguke kifudifudi nisimlalie mtoto. Alinipiga mateke ya mbavu na mtoto yuko mgongoni, Edna. Kisha akaifuta baiskeli kwa upande wa kanga yangu.

Nilikwenda zahanati kwa miguu. Sijui Anselim alikata roho wapi. Mkono ulikuwa unaniuma, sikuweza kumfungua nimtazame, na niliogopa kumtazama. Nilimwimbia njia nzima. Mganga alipomshusha akanifunika macho kwa mkono wake.

Sasa anasema tukimaliza kuvuna atabeba mpunga wote kwenda ghalani, na sisi tubaki hukuhuku shambani mpaka msimu mwingine, kwa sababu yule mwanamke hataki kelele za watoto. Nilimwambia nitarudi kwetu. Alinoa panga mbele ya Beatus, akasema nikivuka mto mwili utavuka, kichwa kitabaki.

Barua yangu ya kwanza ulimsomea Baba kwa sauti. Na hii msomee kwa sauti ileile.

Theodosia


Kibaoni
9 Julai 1993

Dada,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, lori la Bi Kudra linaunguruma nje ananisubiri. Doa hilo juu ya karatasi limetoka mdomoni mwangu. Usiogope, meno yote yapo.

Ukipokea barua hii usifungashe kitu. Wachukue watoto, panda lori hilohilo. Marselino yuko njiani anakuja kwako kwa baiskeli na sisi ndio tuliomwudhi. Lori litampita. Bi Kudra anasema atapakia mpunga gulioni usiku na kuondoka alfajiri. Ukae kati ya magunia.

Nikueleze upesi ilivyokuwa. Barua yako nilikaa nayo kifuani siku kadhaa. Kila nikitaka kusoma, sauti inakimbia. Leo asubuhi Marselino akaja kuuza mpunga, akamletea Baba zawadi kwa mkokoteni. Bati, Dada. Bati mpya za kuezekea jikoni. "Mkwe wangu asinyeshewe," alisema. Baba alipitisha kiganja kwenye yale matuta ya bati kama mtu anayempapasa ng'ombe. Alikuwa anacheka. Nikodemu alikuja kutazama, na majirani wengine. Mama alisimama jikoni, mchi mkononi.

Nikaona nikinyamaza leo, bati zikipanda juu ya nyumba yetu, sitakaa niseme tena. Nikasimama mlangoni nikasema, "Baba, kuna barua ya Dada." Marselino akasema, "Mke wangu hana tabia ya kuandika." Nikaisoma. Nilisoma kwa sauti ya kuita kuku. Paa. Redio. Ufunguo, na wote wakamtazama shingoni, na ulikuwepo.

Nilipofika kwenye baiskeli alinijia. Alinipiga kofi, nikaangukia mafungu ya nyasi. Nikainuka nikaendelea. Akanipiga ngumi ya mdomo, akanikanyaga mkono, akaninyang'anya barua akaitia mdomoni akaitafuna. Haikumsaidia, Dada. Nilikuwa nimeisoma usiku na mchana. Nikaendelea kwa kichwa, damu inatoka, "nikaanguka, nikajitahidi nianguke kifudifudi." Mama akatoka akampiga mchi wa mgongo. Akageuka akamshika Mama kooni.

Hapo Baba akaondoka pale alipokaa. Aliinua bati moja kwa mikono miwili akamsukumia Marselino nalo kama mtu anayefunga mlango, na ukingo wake ukamchana bega mpaka pakaonekana peupe. Akasukuma tena. Akasukuma mpaka barabarani. Marselino alipanda baiskeli, damu inamchuruzika mpaka kwenye usukani, akasema mbele ya watu wote, "Namfuata. Kichwa chake nitawaletea hapahapa muezekee."

Baba amebaki amesimama na lile bati. Viganja vyake vimekatika vyote na hakubali kufungwa.

Mimi kesho napelekwa Chita na wenzangu kwa kazi, siwezi kukataa. Nitakuwa huko bila kujua. Ukifika salama niandikie kwa anwani ya kambi yetu.

Dada, nimekumbuka jambo. Kaya ni wale wanaokula chungu kimoja. Ni serikali imesema. Wewe si wa kaya ya Marselino. Hukuwa hata siku moja. Panda lori.

Edna


Kibaoni, Ifakara
2 Agosti 1993

Mdogo wangu Edna,

Marahaba, na shikamoo ya Beatus na ya Verediana. Mama anakohoa kidogo tu. Kuku mmoja ametotoa.

Nakuandikia nikiwa nyumbani. Najua umengoja. Barua ya kwanza niliichana, mwandiko haukusomeka.

Bi Kudra alitukuta shambani jua linazama. Nilisoma barua yako nimesimama, nikawaita watoto, tukaacha chungu motoni. Tulilala chini ya turubai juu ya lori, gulioni, kati ya magunia. Lakini alfajiri, wapakiaji wakimalizia kupakia, Marselino alikuja. Alikuwa amepita shambani, nguo zinanuka moshi, ndipo nilipojua dungu ameliteketeza na mpunga tuliokuwa tumeuweka chini yake. Alidhani tumo ndani, Edna. Alichoma kwanza, akaja kututafuta baadaye.

Verediana ndiye aliyekohoa. Marselino alipanda lori akanivuta mguu, nikateleza juu ya magunia mpaka chini, kichwa kikapiga bodi. Alikuwa na panga. Wapakiaji wapo pale wanaume wazima, wamesimama na magunia mabegani, mmoja akasema, "Hayo ni ya mume na mke, tusiingilie." Panga la kwanza lilikata gunia, mpunga ukamwagika usoni kwangu. La pili lilinipata sikio. Nusu ya sikio langu la kushoto imebaki gulioni, usishtuke utakaponiona.

Bi Kudra alikuwa kwenye mizani. Akachukua jiwe la mizani, lile la chuma la kilo tano, akaja nalo bila haraka. Akamwambia, "Marselino, mpunga wangu huo unaoumwaga." Marselino akageuka kumtukana. Jiwe likampata gotini. Nilisikia lilivyolia. Akaanguka, akainua panga akiwa chini, na Bi Kudra akampiga tena mkononi, kisha tena, mpaka panga likamtoka, na aliendelea kumpiga mpaka mimi nikamshika. Mimi, Edna. Nilimshika nikasema basi. Alikuwa analia na kanga imemvuka kichwani. Akawageukia wale wapakiaji: "Pakieni. Au na hilo ni la mume na mke?"

Tulivuka mto mchana. Nilikuwa na kichwa changu.

Marselino yuko kwa dada yake. Anatuma watu kusema goti litapona. Polisi wameandika maelezo ya Bi Kudra mara mbili na yangu mara moja. Baba analala chini, mkeka ameutandika mlangoni kwa ndani, na panga lake la kukatia nyasi liko ubavuni. Nikitaka kutoka namruka.

Hajaniomba radhi. Nilipoingia uani alinitazama sikio, akatazama mgongoni kwangu pasipo na mtoto, akaondoka. Nikadhani amekasirika. Alirudi jioni na mzigo wa nyasi, vile viganja vyake havijapona, akauliza, "Upande gani unapovuja?" Mpaka leo anaezeka. Zile bati ziko nje alipoziangusha, kuku wanataga chini yake.

Nasikia kutoka kwa Bi Kudra kwamba huko Chita unawauliza na wanawake, kando, baada ya mkuu wa kaya kumaliza, na kwamba Bwana Wiliam anajifanya hakuoni. Nimefurahi. Basi na mimi niulize upya, na haya uyaandike kwa wino.

Paa ni nyasi. Sakafu ni udongo. Redio hakuna. Baiskeli hakuna. Ghala hakuna. Watoto waliozaliwa ni watatu, waliopo ni wawili, mmoja amekufa, jina lake Anselim, weka na jina hata kama hakuna nafasi yake. Mkuu wa kaya, Mama na Baba bado wanabishana. Tuko chini ya mstari wenu, wala usitusogeze.

Milo, jana ulikuwa mmoja. Wali, mchele wa Bi Kudra. Tulikula sote kwenye sinia moja, Mama, Baba, mimi na watoto, na ulipokwisha Verediana akanitazama kuniomba ruhusa. Nikamwambia chungu hicho hapo. Alikwangua ukoko peke yake, wote, taratibu, na hakuna aliyemfukuza.

Dada yako,
Theodosia